Msongo wa muda mrefu na uchovu uliopitiliza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu neva na afya ya akili

Kama kilichokuleta hapa ni mawazo ya kujiua au kujidhuru, usisome kwa mfuatano. Nenda moja kwa moja kwenye swali la mwisho.

Msongo wa mawazo na uchovu uliopitiliza ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa kimoja huzaa kingine. Mwenye msongo bado yumo vitani: kazi zimemzidi, anakwenda mbio, roho iko juu juu, lakini anaamini kwamba akimaliza hii na ile atapumua. Aliyefika kwenye uchovu uliopitiliza ameacha kuamini hivyo. Anaamka amechoka kuliko alivyolala, kazi aliyoipenda haina ladha tena, na wateja, wanafunzi au wagonjwa wanaomtegemea wameanza kuwa kero tupu.

Hali hii iliingia kwenye maandishi ya kitaalamu mwaka 1974, pale Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, alipoieleza kwa kuwatazama watu waliojitolea kwenye kliniki ya bure hadi wakaishiwa kabisa. Mwanasaikolojia Christina Maslach na mwenzake wakachapisha dodoso la kuipima mwaka 1981. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, linaitambua kwa alama tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo au kuidharau, na kuhisi hufanyi lolote la maana. Limeiweka kama hali inayotokana na kazi, si ugonjwa, na linasema wazi isitumike kwa mambo ya nje ya kazi. Kwenye makaratasi ni sawa. Mwili haujui mpaka huo: anayemuuguza mzazi usiku na mchana kwa miaka mitatu huchoka kupitia neva na homoni zilezile, alipwe au asilipwe.

Mwilini kinatokea nini hasa?

Chukua tukio dogo. Saa tatu usiku, uko kitandani, simu inatikisika: ujumbe wa bosi, "Tuonane kesho asubuhi." Hujajua anataka nini, na tayari tumbo limekaza.

Ndani ya ubongo, kila upande, kuna amigdala, kiini kidogo chenye umbo la lozi. Chenyewe kimeshaona hatari kabla hujamaliza kusoma. Kinaitaarifu haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoongoza homoni na neva za mwili, nayo inaamsha tawi la simpathetiki la mfumo wa neva, lile la kupigana au kukimbia alilolieleza mwanafiziolojia Walter Cannon mwanzoni mwa karne ya 20. Ndani ya sekunde chache, sehemu ya kati ya tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, inamwaga adrenalini. Moyo unaongeza mwendo, mboni za macho zinatanuka, ini linaachia sukari kwenye damu, usagaji wa chakula unasimama. Ndiyo maana tumbo lilikaza.

Njia ya pili ni ya polepole. Haipothalamasi inatuma homoni kwenye tezi ya pituitari, pituitari inatuma nyingine inayosafiri na damu hadi kwenye gamba la adrenali, na gamba linatoa kotisoli. Kilele chake huja kama dakika 20 hadi 30 baada ya tukio kuanza. Kotisoli ina kazi mbili: kuhakikisha mwili una sukari ya kutosha kupambana, kisha kurudi ubongoni na kusema "inatosha, zima". Hiyo ya pili ndiyo breki, na karibu kila jibu kwenye ukurasa huu linaihusu.

Anayepata ujumbe wa namna hiyo mara moja kwa mwezi, breki inashika na mwili unatulia baada ya muda mfupi. Anayeupata kila usiku, au anayeusubiri kila usiku hata usipokuja, mfumo wake unawashwa upya kabla haujazimika. Kusubiri peke yake kunatosha kuuwasha. Hali ikiendelea kwa miezi, vipokezi vya kotisoli hupungua usikivu na breki hulegea. Shinikizo la damu, sukari, usingizi na kinga ya mwili vinaanza kuhesabu gharama. Mwaka 1993 watafiti Bruce McEwen na Eliot Stellar walieleza jinsi gharama hizo zinavyorundikana mwilini kidogo kidogo, kama uchakavu wa mashine isiyozimwa.

Kwa nini nasahau, na nasoma mstari mmoja mara tatu bila kuuelewa?

Kwa sababu sehemu ya ubongo unayoitegemea kwa kazi hiyo imepunguziwa nguvu. Gamba la mbele la ubongo, lililo nyuma ya paji la uso, ndilo linaloshika taarifa kwa muda, kupanga, kubadilisha umakini kutoka jambo hadi jambo na kuzuia neno lisikutoke mdomoni. Kemikali za msongo zikizidi, gamba hili hulegea na amigdala hushika usukani. Hilo lina maana porini: ukikutana na nyoka hutaki kufikiri, unataka kuruka. Kwenye ripoti ya kurasa 40 ni balaa.

Hipokampasi, inayotunza kumbukumbu mpya, ina vipokezi vingi vya kotisoli, kwa hiyo nayo huumia mapema. Ukiambiwa jina la mtu asubuhi na mchana limepotea, usikimbilie kudhani ni ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Kwa mtu wa miaka 35 anayelala saa tano kwa usiku, chanzo kikubwa kipo wazi.

Dalili moja ambayo watu hawaihusishi na msongo ni hasira za ghafla kwa mambo madogo. Mtoto anamwaga maji mezani, na wewe unafoka kama aliyevunjiwa gari. Dakika mbili baadaye unajuta. Breki ya gamba la mbele ilichelewa.

Ubongo umeharibika moja kwa moja?

Kwa wengi, hapana. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2009 uliwapima wanafunzi wa udaktari waliokuwa wametumia wiki kadhaa kujiandaa kwa mtihani mzito. Uwezo wao wa kuhamisha umakini ulikuwa umeshuka, na mawasiliano ya gamba la mbele na sehemu nyingine za ubongo yalikuwa yamepungua. Walipopimwa tena baada ya mwezi mmoja wa utulivu, tofauti ilikuwa imetoweka.

Hao walikuwa vijana wenye afya na msongo wa muda mfupi. Aliyebeba mzigo kwa miaka hawezi kutegemea mwezi mmoja. Sweden, ambako hali hii ina utambuzi wake rasmi wa kitabibu tangu 2005, madaktari wanaona watu ambao usingizi na hisia vimerudi vizuri lakini umakini na kumbukumbu vikabaki nyuma, wakati mwingine kwa zaidi ya mwaka. Kichwa ndicho cha mwisho kurudi, na ni vizuri ulijue hilo mapema ili usije ukadhani umeshindwa kupona.

Nimechoka hoi, mbona usingizi hauji?

Uchovu na usingizi ni vitu viwili. Ili ulale, mwili lazima ushuke kwanza. Kawaida kotisoli hupanda sana katika dakika 30 hadi 45 baada ya kuamka, kisha hushuka mchana kutwa hadi ifike chini kabisa karibu na saa sita usiku, na huanza kupanda tena alfajiri. Kwa mwenye msongo, mfumo wa simpathetiki unabaki macho jioni nzima. Analala kwa kuzidiwa, halafu saa tisa usiku macho yanafunguka pyaa na kichwa kinaanza kupanga mikutano.

Kosa kubwa ni kujaribu kufidia. Mtu anaingia kitandani saa mbili usiku, anatoka saa moja asubuhi: amekaa kitandani saa 11, amelala saa tano. Baada ya wiki chache ubongo umejifunza kwamba kitanda ni mahali pa kuhangaika. Yanayosaidia ni haya, kwa uzito huu:

1. Amka saa ileile kila siku, hata Jumapili, hata kama ulilala vibaya. Hii ndiyo nguzo. Zilizobaki zinaegemea hapa.
2. Usiende kitandani hadi uwe unasinzia. Ukikaa macho kwa makadirio ya dakika 20, toka, kaa penye mwanga hafifu, fanya jambo lisilo na maana, rudi usingizi ukija. Usitazame saa.
3. Toka nje kwenye mwanga wa jua ndani ya saa ya kwanza ya kuamka, dakika 15 au zaidi. Mwanga wa nje hata siku ya mawingu unazidi taa za ndani kwa mbali.
4. Saa moja au mbili kabla ya kulala, andika kwa dakika 10 kila kinachokusumbua, na mbele yake hatua moja ya kesho. Karatasi, si simu.
5. Usingizi wa mchana usizidi dakika 20, na usipite saa tisa alasiri.

Wiki ya kwanza utajisikia vibaya zaidi, hasa kwa sababu ya hatua ya kwanza. Hapo ndipo wengi huacha. Mpe mwili wiki tatu au nne. Kama shida ina miezi zaidi ya mitatu, uliza tiba ya kisaikolojia ya kukosa usingizi. Ndiyo inayopendekezwa kabla ya vidonge. Kama unakoroma sana na unaamka ukikabwa, sema hivyo kwa daktari, maana pumzi kukatika usingizini huleta uchovu unaofanana kabisa na huu.

Kahawa inaniokoa mchana. Ina ubaya gani?

Hesabu ni rahisi. Kafeini hupungua nusu kwa wastani wa saa tano hivi. Kikombe cha saa kumi jioni, saa tatu usiku nusu yake bado inazunguka, saa nane usiku imebaki robo. Isitoshe, kafeini haikupi nguvu. Inaziba vipokezi vya adenosini, kemikali inayoujulisha ubongo kwamba umechoka. Taa ya onyo imefunikwa kitambaa. Kunywa asubuhi, acha kabla ya saa sita mchana, na kama ulikuwa unakunywa vikombe vitano, punguza kimoja kila siku mbili au tatu, la sivyo kichwa kitakuuma kwa siku kadhaa.

Pombe ya kulalia ni mbaya kuliko kahawa. Inakuangusha haraka, kisha ikishayeyuka katikati ya usiku inaamsha mfumo ulioujaribu kuuzima na kukata usingizi wa ndoto. Ile saa tisa usiku, kwa wengi, inatoka hapo.

Nimeambiwa tezi zangu za adrenali "zimechoka" na ninunue vidonge vya kuziamsha.

Okoa fedha yako. Uchovu wa adrenali kama unavyouzwa mitandaoni hautambuliwi na madaktari wa homoni. Watu wenye uchovu uliopitiliza wakipimwa, baadhi wana kotisoli juu, baadhi chini, wengi ya kawaida. Hakuna kipimo cha mate wala cha damu kinachoweza kukuambia umechoka kupindukia. Upo ugonjwa wa kweli wa tezi hizi kushindwa, unaoitwa Addison. Huo huja na kupungua uzito, kizunguzungu ukisimama, hamu ya chumvi na ngozi kuwa nyeusi kwenye mikunjo na makovu, nao ni wa hospitali. Tena baadhi ya vidonge hivyo vimewahi kukutwa na homoni ndani yake, na homoni za kumeza ovyo ndizo zinazoweza kuzilaza tezi kweli.

Kichwa kinauma, tumbo halitulii, kifua kinabana. Yote ni mawazo?

Mara nyingi ni msongo, lakini maumivu ni ya kweli. Misuli ya shingo, mabega na taya inayokaa imekaza siku nzima huvuta kichwa. Angalia sasa hivi kama meno yako ya juu na ya chini yanagusana. Mdomo ukiwa umepumzika, hayapaswi kugusana. Utumbo una neva zake zaidi ya milioni 100 na unazungumza na ubongo kila wakati, hasa kupitia neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na moyo pamoja na utumbo, ambayo nyuzi zake nyingi zinapeleka taarifa juu kuliko zinazoleta amri chini. Kuharisha kabla ya mkutano, kufunga choo wiki nzima, kiungulia: vyote vina njia hiyo.

Kinga nayo hushuka. Mwaka 1991 Sheldon Cohen na wenzake waliwatilia watu wa kujitolea virusi vya mafua puani. Kadiri mtu alivyokuwa na msongo mwingi, ndivyo alivyokuwa na uwezekano mkubwa wa kuugua. Kwa moyo na mishipa ya damu, makadirio ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2021 yanasema kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaambatana na hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, ukilinganisha na saa 35 hadi 40.

Kifua kikibana kwa mara ya kwanza, kikiuma hadi mkono au taya, au kikija na jasho la baridi na pumzi kukata, nenda hospitali palepale. Usijipe jibu la "ni msongo tu". Hilo ni jibu la kutolewa na daktari baada ya kukupima.

Nitajuaje kama ni sonona?

Jiulize kuhusu mambo yasiyohusu kazi. Mtu aliyechokeshwa na kazi, akikaa na marafiki siku ya pili ya mapumziko, kicheko huja. Mwenye sonona, ambayo wengine huiita unyogovu, furaha imekauka kila mahali: chakula, muziki, watoto, ibada. Mara nyingi huongezeka kujilaumu kusikolingana na kosa, kujiona mzigo, au kutamani kutokuwepo.

Madaktari huangalia dalili tisa. Ukiwa na tano au zaidi karibu kila siku kwa wiki mbili, na mojawapo ikiwa huzuni ya kudumu au kukosa hamu ya kila kitu, hiyo ni sonona hata kama ilianzia kazini. Mpaka kati ya hali hizi mbili si ukuta. Watu wengi wana zote. Wasiwasi nao husafiri pamoja: moyo kwenda mbio bila sababu, kuwaza mabaya yajayo, kushindwa kukaa kimya. Usitumie wiki nzima kutafuta jina sahihi. Kama huwezi kufanya kazi zako za kawaida, hiyo inatosha kumwona mtaalamu.

Nikienda kwa daktari, niombe vipimo gani?

Vya kuondoa vyanzo vingine vya uchovu: wingi wa damu na madini ya chuma, tezi ya shingo (thairoidi), sukari, vitamini B12, figo na ini, shinikizo la damu, na mimba kwa anayeweza kuwa nayo. Beba orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na za mitishamba. Andika kabla ya kwenda: umechoka tangu lini, unalala saa ngapi, uzito umepanda au umeshuka kiasi gani, nini huwezi kufanya sasa ulichoweza mwaka jana. Ukisema "nimechoka tu, daktari", utarudi na vidonge vya vitamini.

Mazoezi ya kupumua yanasaidia kweli au ni porojo?

Yanasaidia, kwa kazi yake, nayo ni kushusha mwili kwa dakika chache. Hayatapunguza kazi zilizo mezani.

Unaweza kujithibitishia. Weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, na upumue taratibu. Ukivuta pumzi mapigo yanakimbia kidogo. Ukiitoa yanapungua mwendo. Hiyo ni neva ya vagasi ikikanyaga breki kila unapotoa pumzi. Kwa hiyo siri yote ni kurefusha kutoa: vuta kwa pua ukihesabu hadi nne, toa ukihesabu hadi sita, bila kushikilia. Ni pumzi sita kwa dakika. Fanya dakika tano, asubuhi na jioni, tumbo likipanda na kushuka huku mabega yametulia.

Wanaokosea hukosea kwa namna mbili. Wengine huvuta pumzi kubwa kupita kiasi. Hewa ya ukaa inapungua kwenye damu, vidole vinafa ganzi, kichwa kinazunguka, na wanasema zoezi limewazidishia hofu. Pumzi iwe ndogo na ya polepole. Wengine hulikumbuka siku ya dhoruba tu, wakati mwili haujalizoea. Kama kufumba macho na kusikiliza mwili kunakuletea kumbukumbu mbaya au hofu, acha. Fumbua macho, tembea dakika 10, taja kimoyomoyo vitu vitano unavyoviona.

Na mazoezi ya viungo?

Ndiyo, ila kwa kipimo. Lengo la kawaida kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, ule unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Aliyechoka kupindukia asianzie hapo. Dakika 10 za kutembea kila siku kwa wiki mbili, kisha uongeze tano tano. Alama ya kuzidisha: kesho yake umechoka zaidi, si misuli tu bali kichwa. Ukiona hivyo rudi hatua moja.

Nikichukua likizo nitapona?

Utapata nafuu. Tatizo ni kwamba faida ya likizo kwa kawaida huyeyuka ndani ya wiki chache baada ya kurudi, kwa sababu unarudi kwenye mzigo uleule ukikusubiri pamoja na uliorundikana. Likizo inajaza tangi. Tundu bado lipo.

Maslach na Michael Leiter wameorodhesha mahali sita tundu linapoweza kuwa: wingi wa kazi, kukosa sauti katika maamuzi, malipo na shukrani, mahusiano kazini, upendeleo na dhuluma, na kufanya kinyume na unachoamini. Tafuta lako kabla ya kutafuta dawa. Mtu anayeonewa hatapona kwa kupunguziwa saa, na mwenye kazi za watu watatu hatapona kwa kusifiwa.

Kama ni wingi wa kazi, andika kwa wiki mbili kila ulichofanya na muda wake. Kisha mwendee msimamizi na karatasi, bila malalamiko: "Hizi ni saa 58 kwa wiki. Nina uwezo wa 42. Naomba tuamue pamoja kipi kiachwe, kipi kisogezwe, kipi apewe mwingine." Anayesema "nimezidiwa" huambiwa jikaze. Anayeonyesha hesabu analazimisha uamuzi. Usiahidi kufidia wikendi.

Jioni, weka mpaka ambao mwili utautambua. Dakika 10 za mwisho kazini, andika ulipofikia na cha kwanza cha kesho, funga, badilisha nguo. Zima milio ya ujumbe wa kazi kwenye simu. Kumbuka ile saa tatu usiku: hata usipojibu, mwili umeshajibu.

Kupona kunachukua muda gani?

Aliyegundua mapema na kupunguza mzigo, wiki sita hadi miezi mitatu ni matarajio ya haki. Aliyeanguka kabisa akashindwa kuamka kwenda kazini, ahesabu miezi sita hadi mwaka, na wengine zaidi.

Njia haiendi moja kwa moja. Kinachowarudisha watu nyuma zaidi ni wiki nzuri. Mtu anaamka na nguvu, anafua, anapanga stoo, anajibu barua pepe zote za miezi mitatu, kisha analala siku nne. Siku nzuri, simama ukiwa bado na akiba. Kurudi kazini nako kuwe kwa hatua: nusu ya saa za kawaida kwanza, ongeza baada ya wiki mbili hadi nne, na usiongeze saa na ugumu wa kazi kwa wakati mmoja. Ukiongeza vyote ukaanguka, hutajua kilichokuangusha.

Kuna dawa?

Ya uchovu uliopitiliza wenyewe, hakuna. Kama umeingia kwenye sonona au ugonjwa wa wasiwasi, daktari anaweza kukupa dawa za kutibu sonona. Huchukua wiki mbili hadi sita kufanya kazi, na siku za kwanza zinaweza kuleta kichefuchefu, usingizi wa ajabu au kutotulia, kwa hiyo wengi huziacha siku chache kabla hazijaanza kusaidia. Usiache ghafla, zinapunguzwa polepole. Tahadhari na vidonge vya kutuliza vya aina ya diazepamu: vinafanya kazi siku ileile, na ndiyo hatari yake. Mwili unaweza kuvizoea ndani ya wiki chache, na ukichanganya na pombe vinaweza kuzima upumuaji.

Mazungumzo ya tiba na mwanasaikolojia yanafaa zaidi yakigusa pia tabia zilizokufikisha hapo: kushindwa kusema hapana, kutaka kila kitu kiwe kamili.

Mke wangu, mume wangu au ndugu yangu ameisha kabisa. Nimsaidieje?

Acha "jikaze" na "wenzako wanaweza". Uliza swali dogo lenye jibu: "Nikuletee chakula, au nikuondolee watoto kwa saa mbili?" Aliyechoka hivi hawezi hata kuchagua, kwa hiyo "niambie ukihitaji chochote" ni kazi nyingine umempa. Mpeleke hospitali wewe, na umsaidie kueleza. Mara nyingi watu wa nyumbani ndio wanaokumbuka dalili zilianza lini.

Ninawaza kufa, au namwogopea mtu anayewaza hivyo. Nifanye nini sasa?

Kama ni wewe, mwambie mtu mmoja leo kwa maneno ya wazi: "Nawaza kujiua." Piga namba ya dharura ya ulipo, au nenda kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu, siyo lazima uwe umejiumiza ndipo upokelewe. Hadi ufike, usikae peke yako, usinywe pombe, na mpe mtu mwingine ashike dawa, sumu au silaha iliyomo ndani.

Kama ni mwingine, muulize moja kwa moja: "Unawaza kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo; mara nyingi kunampa nafasi ya kutua mzigo. Akisema ndiyo, uliza kama ana mpango na kama ana kifaa. Akiwa navyo, hiyo ni dharura kama damu inayotoka: ondoa kifaa, kaa naye, safiri naye hadi hospitali, na usiondoke hadi mhudumu wa afya amempokea na wewe umemweleza ulichoambiwa.